Draya Ikianza Kupiga Kelele: Lini Utengeneze Mwenyewe, Lini Usiiguse

Huku ughaibuni mashine ya kukaushia nguo, au draya kama wengi wetu tunavyoiita, si anasa. Baridi ya Minnesota na mvua ya Manchester hazikuachii kamba ya kuanikia. Kwa dada anayefanya kazi za ndani Muscat au Riyadh, draya ni sehemu ya kazi yenyewe: mashuka, kanzu, taulo na nguo za watoto, vyote vipite humo kabla ya jioni. Sasa siku inapoanza kulia, kugonga au kukwaruza, maswali mawili yanakuja kichwani papo hapo. Itanila hela kiasi gani? Na nani atalaumiwa?

Jibu la swali la kwanza linafurahisha. Kelele nyingi za draya zinatokana na vitu vidogo: sarafu iliyosahaulika mfukoni, miguu ya mashine isiyokaa sawa, kigurudumu cha mpira kilicholika. Mashine haifi ghafla, inaanza kwa kulalamika. Ukiisikiliza mapema unatumia kidogo, ukiipuuza unanunua nyingine. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini huku ugenini kuna nyongeza ambayo wazee hawakuihitaji: ukiziba ufa kwenye ukuta usio wako, unaweza kudaiwa ukuta mzima. Kwa hiyo kabla ya bisibisi, tuanze na swali la mwenye mali.

Kwanza: mashine ni ya nani?

*Ni yako na waranti imeisha.* Endelea kusoma, makala hii ni yako yote.

*Ni yako na waranti bado ipo.* Fanya usafi wa nje tu. Usifungue hata skrubu moja, maana ukishafungua unampa muuzaji sababu ya kukukatalia. Mlioko Uingereza, kumbukeni sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015. Kitu ulichonunua dukani kikiwa na hitilafu una siku 30 za kukirudisha na kudai hela yako yote, na baada ya hapo bado una haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa. Sheria hiyo inagusa hata vitu vilivyotumika, mradi umenunua kwa mfanyabiashara na si kwa mtu binafsi. Tunza risiti, na ipige picha, kwa sababu risiti nyingi hufutika maandishi.

*Ni ya mwenye nyumba.* Usifungue. Mwandikie ujumbe, usimpigie simu tu, ueleze kelele ilianza lini na ikoje. Ambatanisha video. Siku ya kuhama, ujumbe huo ndio utakaolinda dipoziti yako.

*Ni ya pamoja, ya jengo au ya kambi ya wafanyakazi.* Toa taarifa kwa msimamizi, kisha hamia mashine nyingine. Draya inayonuka kuungua ichomolewe mara moja, halafu wenzako waambiwe wasiitumie.

*Ni ya bosi unayefanya kazi kwake.* Hapa pana mambo yake, tutayafikia chini kidogo.

Sikiliza kabla ya kugusa

Fundi mzuri anaanza na masikio. Toa nguo zote, washa draya ikiwa tupu kwa dakika mbili, umsikilize. Kama kelele imepotea, basi tatizo lilikuwa kwenye nguo, si kwenye mashine. Kama ipo, zima, chomoa plagi, fungua mlango na uzungushe pipa kwa mkono polepole. Kelele inayosikika hata kwa kuzungusha kwa mkono inatoka kwenye pipa na vitu vinavyolibeba. Ile inayosikika tu mashine ikiwaka mara nyingi inatoka kwenye mota au feni.

Rekodi sauti kwa simu, nusu dakika inatosha. Rekodi hiyo itakusaidia kumweleza fundi, mwenye nyumba au muuza spea bila kubahatisha maneno.

Sasa tuzitafsiri sauti zenyewe.

*Cheng-cheng, kama chuma kinadunda.* Ni vitu vya mifukoni. Kaka zetu wa ujenzi, hili ni lenu: misumari, skrubu, nati, vipande vya waya wa kufungia nondo. Wengine ni sarafu na vifungo vya sidiria. Angalia ndani ya pipa, kwenye mpira wa mlango, na chini ya chujio. Kitu kikishapenya kati ya pipa na ukingo wa mbele kinachana chuma na nguo pia, kwa hiyo usiseme kitatoka chenyewe.

*Dum, dum, dum, kwa mpigo mmoja.* Kwanza angalia shuka. Shuka kubwa hujiviringisha, linameza nguo nyingine na kuwa furushi moja linaloanguka kila pipa linapozunguka. Litenganishe, uwashe tena. Kama pipa tupu linagonga vilevile, kigurudumu cha kulibeba kimebonyea upande mmoja. Draya iliyokaa wiki nyingi bila kazi inaweza kugonga dakika chache za mwanzo kisha ikatulia. Hiyo haina haja ya fundi, mpira ulikuwa umelala upande mmoja tu.

*Kulia kwembamba, kama panya au mlango usio na mafuta.* Hapa wanaohusika ni magurudumu yanayobeba pipa, au puli ndogo inayokaza mkanda. Vimelika au vimekauka.

*Kukwaruza, chuma kwa chuma.* Simamisha mashine saa hiyo hiyo. Felti au vipande vya plastiki vinavyotenganisha pipa na ukuta wa mbele vimeisha, au beringi ya nyuma imekufa. Ukiendelea kuitumia, pipa lenyewe linatoboka, na pipa ndiyo spea usiyotaka kuinunua.

*Mngurumo kama upepo mzito, hasa nyuma au chini.* Feni ya kusukuma hewa ina kitu: soksi ya mtoto, tonge la vumbi la nguo, au bawa limevunjika.

*Mota inanguruma lakini pipa halizunguki.* Zungusha pipa kwa mkono, mashine ikiwa imechomolewa. Likizunguka kirahisi mno kama halina kitu, mkanda umekatika. Likiwa na uzito wake wa kawaida, shida iko kwenye mota, na hapo ni fundi. Baadhi ya draya zina swichi inayozuia mota isiwake kabisa mkanda ukikatika, kwa hiyo ukimya nao unaweza kuwa dalili ya mkanda.

*Mtetemeko wa mashine nzima.* Haijakaa sawa, au inagusa ukuta.

*Maji kububujika na mvumo wa friji.* Kwa draya za kondensa na za pampu ya joto hii ni kawaida. Pampu inasukuma maji kwenda kwenye tangi, na kompresa inavuma kama ya friji kwa sababu inafanya kazi ileile. Usimlipe fundi kuja kukwambia hivyo.

Dakika kumi zisizo na gharama

Kabla ya kununua chochote, fanya haya. Hayahitaji kufungua mashine, na kelele nyingi zinaishia hapa.

Moja, chomoa plagi. Si kuzima kwa kitufe. Chomoa.

Mbili, safisha chujio. Lile tabaka la nyuzi laini, ambalo hapa tunaliita vumbi la nguo, litolewe kila baada ya mzigo, si kila wiki. Kama unatumia zile karatasi za kunukisha na kulainisha nguo, zinaacha utando usioonekana kwenye wavu. Mimina maji juu ya chujio: yakitulia badala ya kupita, lisugue kwa brashi laini na sabuni, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Tatu, pitisha mkono na tochi ya simu kwenye mpira wa mlango na kwenye tundu la chujio. Utashangaa utakachokuta.

Nne, weka mashine sawa. Wajenzi mnaijua pimamaji. Draya nayo inaitaka, na kama hujabeba ya kazini, simu nyingi zina programu ya kupimia usawa. Weka juu ya mashine, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Miguu mingi inazungushwa kwa mkono au kwa spana. Ukimaliza, sukuma pembe za juu kwa zamu: isiyumbe hata kidogo. Acha nafasi ya vidole vichache kati yake na ukuta.

Tano, kama draya yako ina bomba la kutoa hewa nje, angalia halijakunjika wala haligongi ukuta.

Halafu iwashe tena. Kama imenyamaza, kazi imekwisha, na hela yako iko palepale ilipokuwa.

Kwa mnaofanya kazi ndani ya nyumba za watu

Dada na kaka zetu wa Oman, Saudia, Emirati, Qatar na kwingineko Ghuba, nyinyi mna hesabu tofauti. Mashine si yenu, lakini mikono inayoigusa kila siku ni yenu. Ikifa, macho ya kwanza yanawageukia nyinyi, na wapo waliokatwa mshahara kwa kitu kilichozeeka chenyewe. Ulinzi wenu ni kusema mapema, siku ya kwanza ya kelele, kabla mashine haijasimama.

Na namna ya kusema ina uzito wake. Ukimwambia mama wa nyumba kwamba nashafa ni *kharbana*, umeshamwambia imeharibika, na swali linalofuata ni nani ameiharibu. Mwambie *fiha sot*, ina sauti. Hapo umempa taarifa tu, na yeye ndiye anayeamua. Mwite aje asikie mwenyewe ikiwa inafanya kazi. Kama hayupo, mtumie video kwa simu pamoja na maneno mafupi: mama, leo asubuhi nashafa imeanza kutoa sauti hii, niendelee kuitumia au niisimamishe? Ujumbe unabaki na tarehe yake. Usiufute. Kama nyumba hiyo hairuhusu simu saa za kazi, mwite aje asikie, na usiku uandike tarehe kwenye daftari lako.

Akikujibu endelea, endelea, lakini kwa kelele mbili usikubali kimya kimya: harufu ya kuungua, na chuma kukwaruza chuma. Zima, chomoa, umweleze kwamba unaogopa moto. Anika nguo juu ya paa au barazani. Kwa jua la Ghuba, shuka linakauka kabla hujamaliza kupiga pasi.

Kazi zako ni tatu: chujio, tangi la maji kama lipo, na mifuko ya nguo kabla ya kufua. Hizo zifanye kila siku, ikiwezekana mama wa nyumba akuone. Skrubu si kazi yako, hata kama nyumbani ulikuwa fundi. Ukiifungua ikapona, hakuna atakayekuongeza riyali. Ukiifungua ikafa, kila tatizo la nyuma litakuwa lako.

Kuifungua: draya ya Marekani yenye bomba la nje

Sasa turudi kwa mwenye mashine yake. Marekani na Kanada, draya nyingi ni kubwa, zinatoa hewa ya moto nje kwa bomba, na ndani yake zina ufundi rahisi ambao haujabadilika sana kwa miaka mingi. Kuna pipa, mkanda mmoja mrefu unaolizunguka, mota, puli ya kukaza mkanda, magurudumu mawili au manne yanayobeba pipa, na feni. Fundi wa baiskeli yeyote wa Kariakoo angeielewa kwa kuitazama mara moja.

Spea zinauzwa mtandaoni kwa namba ya modeli, ambayo mara nyingi imebandikwa ndani ya mlango au kwenye ukingo wake. Iandike namba yote, herufi kwa herufi. Mkanda, magurudumu au puli mara nyingi vinapatikana kwa dola 10 hadi 40. Tafuta pia video ya modeli hiyo hiyo, maana kila kampuni ina mahali pake pa kuficha skrubu.

Vifaa: bisibisi, spana za soketi, koleo, bapa jembamba kama lile la kupakia plasta, glavu nene na mashine ya kufyonza vumbi. Glavu si mapambo. Kingo za bati ndani ya draya zinakata kama wembe.

Utaratibu uko hivi.

Chomoa plagi. Draya ya umeme ya Marekani inatumia volti 240, mara mbili ya soketi za kawaida za nyumba hiyo. Kama plagi haifikiki, zima swichi yake kwenye boksi la umeme kisha uvute mashine mpaka uifikie. Usitegemee swichi pekee.

Kama yako ni ya gesi, funga valvu ya gesi. Kama haiwezekani kuivuta bila kulegeza bomba la gesi, ishia hapo uite fundi mwenye leseni. Kwa gesi hatubahatishi.

Ondoa bomba la hewa nyuma ya mashine, ufyonze vumbi ndani yake. Piga picha kabla ya kila hatua, hasa kabla ya kuchomoa waya wowote.

Fungua kifuniko cha juu. Baadhi kinashikwa na skrubu, baadhi kinabanwa na vishikizo viwili vya chuma mbele unavyovisukuma kwa lile bapa. Kisha ukuta wa mbele. Hapo utakuta waya wa swichi ya mlango. Upige picha, ndipo uuchomoe.

Sasa unaliona pipa limevaa mkanda. Ingiza mkono chini, sukuma puli ili mkanda ulegee, uutoe kwenye mota. Shikilia pipa vizuri, kisha lichomoe. Ni jepesi kuliko linavyoonekana, lakini ni bora muwe wawili.

Hapo kelele zako zote ziko wazi mbele yako. Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Zuri linazunguka kimya, halichezi kushoto wala kulia. Likikwaruza au likiyumba, badilisha. Na badilisha yote kwa pamoja, hata kama moja tu ndilo linalolia, kwa sababu umri wao ni mmoja na hutaki kufungua tena mwezi ujao. Puli ipimwe vivyo hivyo. Mkanda uangalie kwa mwanga: wenye nyufa au nyuzi zilizochomoza haurudi ndani. Shika feni uitikise, ikicheza kwenye ekseli yake imelika. Pitisha kidole kwenye felti ya ukingo, ikiwa imechanika au imeisha, nayo ina spea yake.

Jambo moja tunalisisitiza. Usipulizie mafuta ya kulainisha kwenye magurudumu, wala ile dawa ya kopo ya kuondolea kutu. Kelele itanyamaza siku mbili tatu, ndiyo, lakini mafuta yanakamata vumbi la nguo, na vumbi lenye mafuta karibu na hita ni utambi.

Fyonza vumbi lote chini, taratibu, usivute waya. Rudisha magurudumu, pipa, kisha mkanda, upande wenye mistari ukilalia pipa isipokuwa picha yako inaonyesha vingine. Kabla ya kufunga ukuta, zungusha pipa kwa mkono mara tatu nne. Mkanda ujinyooshe wenyewe, usipande wala kushuka. Funga kwa kufuata picha zako kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Rudisha bomba, chomeka plagi, iwashe tupu bila joto kwa dakika kumi. Kaa karibu usikilize.

Uingereza na Ulaya: fungua kidogo, safisha zaidi

Huku draya nyingi ni za kondensa au za pampu ya joto. Hazina bomba la nje. Maji ya nguo yanakusanywa kwenye tangi. Ndani ni pembamba, na mota zake nyingi zina kapasita inayoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Za pampu ya joto zina gesi kama ya friji, na baadhi ya mashine mpya hutumia gesi inayoshika moto. Kwa hiyo ushauri wetu kwa wa huku ni tofauti: yafanye yale ya dakika kumi, ongeza usafi wa kondensa, na yanayobaki mwachie fundi.

Kondensa ipo chini mbele, nyuma ya kimlango kidogo. Kwenye mashine nyingi za kondensa za kawaida inavutwa nje kama droo. Ioshe kwa maji ya bomba mpaka yatoke meupe, iache ichuruzike, uirudishe. Kwenye pampu ya joto mara nyingi haitoki. Hiyo ifyonze kwa brashi laini, polepole, bila kukunja zile sahani nyembamba. Kondensa iliyoziba inafanya feni na kompresa vihangaike, kelele inapanda, na bili nayo.

Na bili si mchezo. Draya ya kondensa ya zamani inaweza kula uniti 4 mpaka 5 za umeme kwa mzigo mmoja uliojaa. Ya pampu ya joto inakula kama nusu ya hizo. Kama familia yako inakausha mizigo minne kwa wiki, piga hesabu hiyo kabla ya kutengeneza mashine ya zamani kwa mara ya tatu. Na plagi ya draya iende kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea wenye soketi nyingi. Plagi ikiwa ya moto ukiishika, usiitumie tena mpaka iangaliwe.

Kwa nini tunazungumzia moto mara nyingi

Kwa sababu draya ni joto, hewa na nyuzi kavu ndani ya boksi moja. Idara ya serikali ya Marekani inayohusika na moto, U.S. Fire Administration, ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulikuwa na mioto kama 2,900 kwa mwaka ya draya majumbani. Vifo vilikuwa 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35 kila mwaka. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ni kutosafisha mashine. Yaani kazi ile ile ya dakika kumi.

Uingereza nako, Agosti 2016, moto uliunguza jengo la ghorofa la Shepherd's Court, magharibi ya London, na kikosi cha zimamoto kikataja draya yenye hitilafu kuwa chanzo. Mwaka 2019, baada ya serikali kuingilia kati, kampuni ya Whirlpool ilianza kuzirudisha draya ambazo hazikuwa zimerekebishwa, zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda. Vumbi la nguo liliweza kufika kwenye hita. Tunalitaja kwa sababu wengi wetu tunanunua vitu vilivyotumika, na mashine za miaka hiyo bado zinaweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Angalia namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutoa hela. Marekani, angalia kwenye tovuti ya CPSC.

Kanuni za nyumbani ni hizi: usiwashe draya ukalala au ukatoka. Usikaushe ndani yake matambara yenye petroli, thina au mafuta ya kupikia, hata kama yamefuliwa. Nguo za kazi zenye mafuta zianikwe. Bomba la hewa liwe la chuma, si lile la plastiki au foili linalokunjika kama akodiani, na lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa draya ya gesi, bomba lililoziba linaweza kurudisha ndani hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo weka kengele ya kaboni monoksidi.

Hesabu ya mwisho: kutengeneza au kununua?

Mafundi wengi wana kipimo rahisi. Kama matengenezo yatazidi nusu ya bei ya kupata mashine nyingine ya aina hiyo hiyo, acha. Mkanda, magurudumu, puli, felti: tengeneza. Mota, beringi ya nyuma iliyokula pipa, kompresa: piga hesabu kwanza, usione aibu kuiaga.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuoneshwa picha tu. Nenda, iwashwe mbele yako, ikae dakika kumi ikiwa na joto. Zile sauti tulizozitaja juu, sasa unazijua. Ikilia kwembamba, bei ipungue kwa gharama ya magurudumu. Ikikwaruza, rudi nyumbani na hela yako.

Katika miji mingi ya Marekani, fundi kuja tu mlangoni mara nyingi ni karibu dola 100, spea hazijahesabiwa. Ukitengeneza mwenyewe kwa spea za dola 30, dola 70 zimebaki mkononi. Ushauri wetu ni usiziache zielee kwenye akaunti ya matumizi, maana zitayeyuka kwa vitu usivyovikumbuka. Zitume siku hiyo hiyo, au ziweke kwenye kibubu cha kiwanja. Dola 100 tu, kwa bei za siku hizi za Tanzania au Kenya, zinanunua mifuko zaidi ya kumi ya saruji.

Na leo jioni, kabla hujalala, fanya moja tu: kalitoe chujio la draya yako, ulitazame kwenye mwanga. Kama huoni upande wa pili, umeshapata kazi ya kuanzia.